Ueyama: Mjapani aliyeligeuza ua la pareto kuwa kinga ya usiku kucha dhidi ya mbu

NI wachache miongoni mwa wanaonunua dawa ya mbu ya mviringo dukani, ile ya kijani inayowashwa ncha moja na kuachwa ifuke moshi chini ya kitanda, wanaojua kwamba umbo lake lilibuniwa na mtu mmoja na mkewe katika nchi ya Japani zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Mtu huyo aliitwa Eiichiro Ueyama. Hakuwa daktari wala mwanakemia. Alikuwa mwana wa wakulima wa machenza, akawa mfanyabiashara wa kuuza matunda ng'ambo, na hatimaye akawa mwenye kulieneza nchini mwake ua ambalo baadaye lilikuja kuwalisha maelfu ya wakulima wa Molo, Kinangop na Kisii. Ua hilo ni pareto.

Maisha yake yana mafunzo kwa yeyote anayedhani kwamba kugundua mmea wenye sumu ya kuua wadudu ndiyo kazi yote. Nguvu ya pareto ilikuwa ikijulikana kabla hajazaliwa. Kilichokosekana ni njia ya kuifanya nguvu hiyo idumu tangu mtu anapolala hadi anapoamka, na njia hiyo ilimgharimu Ueyama miaka 16 ya kujaribu na kushindwa.

Alizaliwa mwaka wa 1862 katika eneo la Arida, mkoa ambao leo unaitwa Wakayama, kusini mwa mji wa Osaka. Arida ni nchi ya vilima vinavyotazama bahari, na tangu kale sifa yake imekuwa machenza. Familia ya Ueyama ilikuwa miongoni mwa zile zenye mashamba ya matunda hayo.

Miaka sita baada ya kuzaliwa kwake, utawala wa mashogun uliporomoka na Japani ikaingia katika enzi ya Meiji. Milango ya nchi iliyokuwa imefungwa kwa zaidi ya karne mbili ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Vijana wenye uwezo walikimbilia mijini kutafuta elimu ya Magharibi, naye Ueyama hakubaki nyuma. Alikwenda Tokyo kusoma katika shule ya Keio, iliyoasisiwa na Yukichi Fukuzawa, mwanafikra aliyewahimiza Wajapani wajifunze sayansi na biashara za mataifa mengine bila ya kuwa watumwa wa mataifa hayo.

Fukuzawa alimwathiri sana kijana huyo. Mwaka wa 1885 Ueyama, akiwa na umri wa miaka 23 hivi, alianzisha duka la kuuza machenza ya kwao katika nchi za nje. Ni kupitia kwa mwalimu wake huyo ndipo alipokutana na Mmarekani aliyeitwa H. E. Amoore, mwenye kampuni ya biashara ya mimea mjini San Francisco, aliyekuwa amefika Japani kutafuta miche.

Ueyama alimpa miche ya machenza na mimea mingine ya Kijapani. Kwa kubadilishana, mwaka wa 1886 Amoore alimtumia mbegu za aina mbalimbali. Miongoni mwake zilikuwamo mbegu za ua jeupe lenye kitovu cha manjano, ambalo Mmarekani huyo alilisifu kuwa linaua wadudu na tena linaota hata katika ardhi duni.

Hapa yafaa kueleza asili ya ua lenyewe. Pareto hii inatoka katika mwambao wa Dalmatia, ulio sehemu ya Kroatia ya leo, ambako huota yenyewe katikati ya mawe na ukame. Jamii nyingine ya mmea huo hupatikana Kaukasi na Uajemi, na unga wake ulikuwa ukiuzwa Ulaya mapema katika karne ya 19 kwa jina la unga wa Uajemi. Maua yalikaushwa, yakasagwa, kisha unga ukanyunyizwa kitandani na katika nguo kuua viroboto, chawa na kunguni. Kufikia wakati wa Ueyama, wakulima wa California pia walikuwa wameanza kuipanda.

Kwa hivyo kijana huyo wa Wakayama hakugundua jambo lolote jipya kuhusu ua hilo. Alilopata ni mbegu, na fikra kwamba vilima vya Japani visivyofaa kwa mpunga vingeweza kuzaa mali.

Alizipanda katika ardhi ya kwao na zikashika. Baada ya hapo alianza kuzunguka nchini akiwahimiza wakulima nao wapande. Si kazi rahisi kumshawishi mkulima aache zao analolijua na kupanda ua ambalo haliliwi, halivaliwi wala halina mnunuzi karibu. Hata hivyo, visiwa na miteremko ya Bahari ya Ndani ya Seto, hasa upande wa Hiroshima, vilikubali. Baadaye kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido kikawa na mashamba makubwa zaidi.

Mavuno yakapatikana, likabaki swali la matumizi. Unga wa pareto uliua viroboto vizuri, kwa sababu kiroboto hugusana na unga. Lakini mbu haguswi na unga uliomwagwa sakafuni. Mbu huruka. Na katika majira ya joto ya Japani, ambapo mashamba ya mpunga hujaa maji, mbu walikuwa adhabu ya kila nyumba.

Wajapani walikuwa na dawa yao ya jadi, na msomaji wa Afrika Mashariki hatapata taabu kuielewa. Walichoma majani ya mimea yenye harufu kali na vipande vya mbao fulani ili moshi uwafukuze mbu. Ni desturi ile ile inayoonekana katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, ambako familia huchoma majani ya mirihani au mwarobaini jioni. Ubaya wake ni kwamba moshi unaomfukuza mbu humtoa machozi pia mwenye nyumba.

Ueyama alifikiri kwamba akitia pareto katika moshi, moshi mchache utatosha. Akachanganya unga wa maua na unga wa mbao, akaumwaga juu ya makaa. Mbu walianguka kweli. Lakini nani atakubali kukaa na jiko la makaa chumbani usiku wa joto, tena akiamka kila mara kuongeza unga? Dawa ilifanya kazi na bado haikufaa kitu.

Suluhisho la kwanza lilitokana na mkutano wa bahati. Akiwa katika nyumba ya wageni mjini Tokyo, Ueyama alijikuta pamoja na mtoto wa mtengenezaji wa udi kutoka Sakai, mji ulio jirani na Osaka na wenye sifa ya kale ya kutengeneza vijiti vya udi vinavyochomwa mbele ya madhabahu za wafu. Katika mazungumzo yao akapata wazo. Ikiwa udi unaweza kukandwa na kufanywa kijiti kinachoungua chenyewe polepole bila makaa, kwa nini pareto isifanywe hivyo?

Alirudi nyumbani akaanza kukanda unga wa pareto pamoja na gundi itokanayo na mimea. Mwaka wa 1890 alitoa kijiti cha kwanza cha udi wa kufukuza mbu. Hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake duniani.

Yafaa tutazame tarehe hiyo. Mwaka wa 1890 hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Mwingereza Patrick Manson alikuwa ameonyesha, mwaka wa 1877 akiwa China, kwamba vijidudu vya matende hukua ndani ya mbu. Lakini Ronald Ross hakumwona mdudu wa malaria katika tumbo la mbu hadi Agosti 1897, huko India, na ushahidi wa homa ya manjano ulikuja mwaka wa 1900 nchini Cuba. Ueyama alikuwa akipigana na kero ya usingizi. Hakujua kwamba alikuwa akipigana pia na maradhi, ijapokuwa Japani yenyewe ilikuwa na malaria na matende katika siku hizo.

Kijiti cha 1890 kilikuwa na kasoro kubwa. Kiliungua kwa dakika 40 hivi tu. Moshi wake ulikuwa mwembamba, hivyo ilibidi kuwasha viwili au vitatu kwa pamoja. Tena kilikuwa chembamba na chepesi kuvunjika katika safari. Mtu aliyekiwasha akilala saa tatu usiku alikuwa mikononi mwa mbu kabla ya saa nne. Kukifanya kirefu hakukusaidia kwa sababu kingevunjika au kuanguka na kuchoma mkeka. Kukifanya kinene kulikiongezea moshi, lakini hakukupa saa za kutosha.

Yeyote anayepima dawa ya kufukuza mbu leo hukutana na ukuta huo huo. Mafuta mengi ya mimea humfukuza mbu barabara yanapopakwa, kisha nguvu yake hupotea baada ya muda mfupi kwa sababu chembechembe zake huruka hewani upesi. Watafiti waliofanya majaribio Mbita Point na Rusinga, matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2002, waliona kwamba mmea wa jamii ya mirihani ukiwekwa hai ndani ya chungu chumbani hupunguza kuumwa na mbu wa malaria kwa takriban asilimia 40, na kwamba majani ya mikaratusi yenye harufu ya limau yakipashwa moto huwafukuza wengi zaidi. Walipima kitu kile kile alichokuwa akikitafuta Ueyama: si kama mmea una nguvu, bali nguvu hiyo inafika wapi na kwa muda gani.

Jibu la tatizo la Ueyama halikutoka kwake. Lilitoka kwa mkewe, Yuki.

Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1895 Yuki alimwona nyoka aliyejiviringa, akamwendea mumewe na kumshauri aukunje udi wake kwa mtindo huo. Kisa cha nyoka huenda kimetiwa chumvi kama visa vya namna hiyo vitiwavyo. Lakini kwamba wazo lilikuwa la Yuki, kampuni ya mumewe yenyewe imelikiri tangu zamani, na ni vyema kulitaja kwa kuwa jina la mwanamke huyo mara nyingi huachwa nje hadithi hii inaposimuliwa nje ya Japani.

Hesabu yake ni rahisi. Kijiti kirefu cha kiasi cha sentimita 75 kikikunjwa kwa mzunguko hutoshea juu ya kisahani. Kinaweza kufanywa kinene ili kitoe moshi wa kutosha na kisivunjike. Moto husafiri kutoka ukingoni kuelekea katikati bila kuruka kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, mradi nafasi iachwe kati yake. Na huchukua saa saba hivi kufika mwisho. Saa saba ni usiku mzima wa mtu mwenye kazi.

Kulifikiria ni jambo moja, kulitengeneza ni jingine. Ueyama alijaribu kutumia vibao vya kufinyangia na havikufaulu. Akaamua kuukamua unga uliokandwa utoke kama uzi mnene, kuukata kwa urefu uliopimwa, kisha kuukunja kwa mkono, nyuzi mbili kwa pamoja zikizungukana. Hilo lilipunguza nafasi katika boksi, na mnunuzi aliziachanisha mwenyewe nyumbani. Likaja tatizo la kukausha: zilizolazwa juu ya ubao zilikauka upande mmoja na kupindika. Hatimaye zikawekwa juu ya wavu wa waya ili hewa ipite pande zote.

Miaka saba ilipita kati ya ushauri wa Yuki na siku ambayo dawa ya mviringo iliingia sokoni. Hiyo ilikuwa mwaka wa 1902. Kufikia hapo ulimwengu ulikuwa umekwisha kujua kwamba mbu ni zaidi ya kero.

Kazi ya kuzikunja iliendelea kufanywa kwa mikono kwa muda mrefu ajabu. Ni mwaka wa 1957 tu, miaka 14 baada ya kifo cha mwenyewe, ambapo mashine ya kukata maumbo hayo kwa pigo moja ilichukua mahali pa vidole. Mamilioni ya dawa zilizouzwa kabla ya hapo zilipita mikononi mwa wafanyakazi ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Ueyama aliipa bidhaa yake alama ya jogoo na jina la Kincho, ambalo ni ndege wa dhahabu, likasajiliwa mwaka wa 1910. Alikuwa akipenda msemo wa kale wa Kichina unaosema ni heri kuwa mdomo wa kuku kuliko kuwa mkia wa ng'ombe. Ni chaguo linalomfichua: mtu wa mkoani aliyekataa kuwa mkia wa wafanyabiashara wakubwa wa Osaka au San Francisco.

Ajabu ni kwamba wakati huo wote hakuna aliyejua ni kitu gani hasa ndani ya ua kinachomwangusha mbu. Mkemia wa Kijapani Fujitani alitenga mafuta yenye nguvu hiyo mwaka wa 1909. Mjini Zurich, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walilichambua suala hilo kati ya 1910 na 1916, lakini hawakuchapisha matokeo yao hadi 1924. Waliyatambua maumbile ya viini viwili ambavyo leo huitwa pirethrini. Wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel, ingawa kwa kazi nyingine.

Sasa inafahamika kwamba pirethrini hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, ikaifanya ipeleke ujumbe bila kukoma hadi mdudu apooze. Inafahamika pia kwa nini udi wa Ueyama ulifanya kazi ilhali moto huharibu pirethrini. Dawa haitoki pale penye kaa jekundu. Hutoka milimita chache nyuma yake, mahali ambapo joto linatosha kuifanya iwe mvuke lakini halitoshi kuiunguza. Ueyama hakujua hayo. Alijua tu kwamba kijiti kinachoungua polepole huua mbu wengi kuliko unga uliomwagwa juu ya makaa yenye moto mkali.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimfungulia mlango. Biashara ya Dalmatia ilikatika, na nchi zilizotegemea unga wa huko zikageukia Japani. Katika miaka iliyofuata Japani ikawa mzalishaji mkuu wa pareto duniani, na ikaendelea hivyo hadi miaka ya 1930. Wakulima wa Onomichi, katika Bahari ya Seto, walimjengea Ueyama hekalu dogo la heshima angali hai, jambo ambalo wafanyabiashara wachache wamewahi kutendewa na watu waliowauzia mazao. Yugoslavia nayo, iliyokuwa ikimiliki Dalmatia baada ya vita, ilimfanya balozi wake wa heshima mjini Osaka. Nchi iliyopoteza soko kwa ajili yake ilimpa cheo. Mwaka wa 1935 biashara yake ilichukua jina la Dainihon Jochugiku, yaani pareto ya Japani kuu, na kampuni hiyo ingalipo.

Lakini wakati huo huo, mbali sana na Osaka, mshindani alikuwa anakua. Mnamo 1928 mlowezi mmoja, Gilbert Walker, alileta pareto katika nyanda za juu za Kenya. Ua hili huhitaji baridi ili lichanue. Dalmatia na Japani, ambako baridi huja mara moja kwa mwaka, mkulima huvuna msimu mmoja. Katika nyanda za juu zilizo karibu na Ikweta, usiku wa baridi hupatikana mwaka mzima, na maua huchumwa kwa miezi mingi mfululizo. Fauka ya hayo, maua ya Kenya yalionekana kuwa na pirethrini nyingi kuliko ya Japani.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930, G. A. Park Ross alinyunyizia pareto ndani ya vibanda vya Natal na Zululand huko Afrika Kusini kuua mbu wa malaria, na ugonjwa ukapungua. Ua lililokuwa dawa ya usingizi lilikuwa limeingia katika vita dhidi ya maradhi yenyewe.

Vita Vikuu vya Pili vilikatisha kila kitu. Majeshi ya Marekani na Uingereza yaliyopigana katika misitu ya Pasifiki yalihitaji pareto kwa ajili ya mikebe ya kunyunyizia mbu, na adui yao ndiye aliyekuwa ameishikilia. Wakaigeukia Kenya. Serikali ya kikoloni ikahimiza walowezi wapande kwa wingi. Nchini Japani kwenyewe, mashamba ya pareto yaling'olewa ili kupanda chakula.

Eiichiro Ueyama alifariki mwaka wa 1943, akiwa na umri wa takriban miaka 80, katikati ya mabadiliko hayo. Mlango ambao vita moja ilimfungulia, vita nyingine ilikuwa imeufunga.

Baada ya vita pareto ya Japani haikurudi katika hadhi yake. Mwaka wa 1949 Wamarekani Milton Schechter na Frederick LaForge walitengeneza alethrini, nakala ya kwanza ya pirethrini iliyotoka maabarani, na watengenezaji wa dawa ya mviringo wakaipokea kwa haraka. Ndiyo sababu nyingi ya dawa za kuwasha zinazouzwa madukani leo hazina hata petali moja ya ua.

Kenya ilishika uongozi. Kabla ya mageuzi ya kilimo ya 1954, Mwafrika alikuwa amebanwa asipande mazao ya biashara kwa uhuru. Baada ya hapo, na hasa baada ya Uhuru, pareto ikawa zao la mkulima mdogo: la akina mama waliochuma maua kwa vidole na kuyaanika juani katika Nyandarua, Nakuru na Kisii. Kwa miongo kadhaa nchi hii ilitoa sehemu kubwa zaidi ya pareto yote iliyouzwa duniani.

Kisha nayo ikaporomoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 malipo ya wakulima yalichelewa kwa miezi, kisha kwa miaka, nao wakang'oa maua na kupanda viazi. Kisiwa cha Tasmania, Australia, kikachukua nafasi ya kwanza kwa kutumia mashine za kuvunia. Sheria ya mwaka wa 2013 iliyovunja ukiritimba wa Bodi ya Pareto ililenga kulifufua zao hilo, na wakulima kadhaa wamerejea, ingawa si kwa kiwango cha awali.

Na uvumbuzi wenyewe je? Umepimwa mara nyingi tangu mwenyewe aondoke, na si majibu yote ambayo yangemfurahisha. Katika vibanda vya majaribio huko Magugu, kaskazini mwa Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1971 yalionyesha jinsi moshi wa dawa hizo unavyomwathiri mbu wa malaria hatua kwa hatua: wengine hawaingii kabisa, wengine huingia na kutoka mapema, wengine hubaki lakini hushindwa kuuma, na wachache hufa. Kumbe kufukuza na kuua si jambo moja.

Hata hivyo, uchunguzi wa kina uliokusanya tafiti nyingi mwaka wa 2004 haukupata ushahidi kwamba kuwasha dawa hizo humkinga mtu asipate malaria, japo zinapunguza kuumwa. Miaka kumi baadaye, jaribio lililofanywa katika mkoa wa Yunnan, China, kwa kutumia dawa ya mviringo yenye kemikali mpya na kali zaidi, lilipunguza malaria kwa zaidi ya asilimia 70. Mjadala haujafungwa. Chandarua chenye dawa, ambacho dawa yake nayo ni ya ukoo wa pirethrini, ndicho kinachotegemewa zaidi.

Liko pia suala la moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulikadiria kwamba dawa moja ya mviringo ikiungua hadi mwisho hutoa vumbi laini sawa na la sigara kati ya 75 na 137. Vumbi hilo hutokana zaidi na unga wa mbao na gundi, si na pareto. Nyumba za Kijapani za enzi ya Ueyama zilikuwa na kuta za kutelezeshwa ambazo zilifunguliwa usiku wa joto, na moshi ulipita. Chumba kimoja cha mabati kilichofungwa dirisha huko Kibera au Nyalenda ni mazingira mengine kabisa, na anayelala humo na mtoto mchanga ana sababu ya kuiweka dawa karibu na mlango, au kuiwasha mapema na kuitoa nje kabla ya kulala.

Katika visiwa vya Bahari ya Seto, ambavyo zamani viligeuka vyeupe kutoka ufukweni hadi kileleni kila majira ya kuchipua yalipofika, kilimo cha pareto kwa ajili ya soko kimekwisha. Kisiwani Innoshima yameachwa mashamba machache juu ya miteremko. Huchanua kila mwezi wa Mei, na watalii huenda huko kupiga picha.